Juu kwa Walio Hai, Chini kwa Wafu

Bibi Rosanda alisimama mbele ya sanduku la mchanga na mshumaa mkononi. Hakuwa ameuwasha.

"Wewe ni polisi," alisema. "Niambie. Juu au chini?"

Inspekta Jagoda Perunić aliinama kulitazama. Kanisa la Suvodren lilikuwa na baridi kuliko nje. Lile sanduku la bati lilikuwa na ghorofa mbili: mchanga wa juu kwa walio hai, mchanga wa chini kwa wafu. Chini kulijaa vipande vya mishumaa iliyokwisha, vimebanana kama mabua ya mahindi baada ya mavuno. Juu kulikuwa na kipande kimoja tu, cha jana.

"Bado sijui, bibi."

"Tangu mavuno ya plamu ya mwaka jana naweka juu. Kama amekufa, basi Obren wangu yuko gizani muda wote huu, hana hata mwanga wa kuonea njia. Na nikiweka chini, kumbe yuko hai, nimemuua mimi kwa mkono huu. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi fanya kazi yako. Nina miaka themanini na moja, nguvu za kukuelewesha mara ya pili sina."

Akauwasha. Akauweka juu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayefunga mlango wa banda la kuku.

Nje, Sajenti Tihomir alikuwa amekaa kwenye ukuta wa kanisa anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda pembeni. Aliposikia mlango akasimama.

"Afande, nimeangalia kijiji chote. Imechukua muda wa kuvuta sigara moja."

"Umeona nini?"

"Mabomba matatu yanatoa moshi. La bibi, la Sreten, la mzee Vitomir. Kwingine kote madirisha yamefungwa na simba wa zege wako getini."

Simba hao waliletwa na vijana waliokwenda kujenga Vienna, wakarudi kila Agosti kuinua majumba ya ghorofa tatu kwa ajili ya watoto ambao hawakuja. Shule iliyowahi kujaza madawati hadi korido sasa ilikuwa zizi la kondoo, na kondoo wenyewe walishauzwa. Obren mwenyewe mke wake alikwenda Vienna zamani, akabaki huko. Obren akabaki na mama yake, Bibi Rosanda. Fundi wa kujenga kwa mawe, mwenye miaka hamsini. Oktoba akatoweka.

Kila mtu alisema kaenda Vienna. Bibi naye alisema hivyo, mpaka sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yao ilipofika Desemba na simu haikulia. Mtu wa Suvodren hata akiwa gerezani siku hiyo anapiga simu nyumbani. Theluji ilipopungua, Rosanda alipanda trekta la kuni mpaka kituo cha polisi, akakaa kwenye benchi, akakataa chai.

"Kwa hiyo washukiwa wawili," alisema Tihomir. "Turushe sarafu, tuwahi chakula."

"Watatu."

"Unamhesabu na bibi?"

"Namhesabu kila anayewasha moto."

Sreten ndiye alikuwa karibu. Walimkuta bandani anakata jiwe, vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi. Alipowaona akazima mashine, akaisogeza nyuma ya miguu yake. Polepole, kama mtu anayeficha paka.

"Karibuni. Leo mmekuja kunikamata au kunisalimia?"

"Hiyo mashine ya nani?" aliuliza Jagoda.

"Hii? Ya kukatia mawe."

"Sijauliza ya kufanyia nini."

Sreten akajikuna shingo. Tihomir akainama, akaivuta, akaigeuza. Kwenye mpini kulikuwa na herufi mbili zilizochongwa kwa msumari, O na Ć.

"Obren Ćirković," alisema Tihomir. "Sreten, ndugu yangu, sasa hapo umeanza kunifurahisha."

"Aliniazima!"

"Lini?"

"Siku ile ile. Siku tuliyokuwa tunapika rakija, gongo la plamu, kwa Vitomir."

"Mbona mwezi wa pili nilipokuja hukuniambia?" aliuliza Jagoda.

"Hukuniuliza kuhusu mashine. Uliniuliza kuhusu Obren."

"Mliwahi kugombana juu ya mti wa walnati mpakani. Yeye ametoweka. Mashine yake iko kwako. Mimi nikiwa wewe ningeongea haraka."

Sreten akakaa kwenye gogo. Hakuonekana kuogopa. Alionekana amechoka tu, kama watu wote wa pale.

"Ule mti ulianguka wenyewe, tukagawana kuni. Muulize bibi. Inspekta, kusema kweli ni mashine nzuri. Nilifikiri mtu akishakwenda Vienna atapata nyingine. Nikanyamaza."

"Fundi mawe anakwenda kazini Vienna na anaacha mashine yake?"

"Hata mimi nilishangaa. Maana aliniambia nimrudishie kesho yake asubuhi, amalizie ukuta wa mama yake."

Jagoda akaacha kuandika kwenye simu yake.

"Rudia."

"Kesho yake asubuhi. Alisema, Sreten, usinicheleweshe, mvua inakuja."

Tihomir alimtazama bosi wake. Yeye alikuwa anamtazama Sreten.

"Mtu anayesafiri siku hiyo hiyo haombi arudishiwe mashine kesho yake," alisema Jagoda. "Nani alikwambia amesafiri?"

"Vitomir. Alisema amemsindikiza mpaka barabarani, akapanda basi dogo jeupe."

"Dereva wa basi hilo nimeongea naye. Hajawahi kumpakia."

"Basi mimi sijui." Sreten alipangusa nyusi. "Mimi niliwaacha wawili pale kwenye mtambo wa gongo, mchana kweupe. Jioni nikapita kuchukua chupa yangu, nikakuta moto umezimwa. Gongo bado liko nusu ndani. Mzee kalimwaga lote shimoni."

"Alimwaga?" Tihomir alishika kifua. "Rakija?"

"Lote. Nikamwambia, Vitomir, wewe mgonjwa? Akasema limeungua. Halikuungua, harufu yake naijua. Mzee yule hata vita vilipokuwa vinapita hakuacha mtambo katikati."

Jagoda alichukua mashine, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga.

"Nitarudishiwa?" aliuliza Sreten.

Walikuwa wameshafika mlangoni mwa banda.

Vitomir aliwapokea mlangoni kofia ikiwa mkononi. Mrefu, karibu miaka sabini, hakuwahi kuoa. Ndiye aliyemshika Obren siku ya ubatizo, na ndiye aliyesimama nyuma yake siku ya harusi. Kwa watu wa pale huyo humwiti jirani wala rafiki. Ni somo, na hata ndugu wa tumbo moja hafiki hapo. Rosanda naye alimwita somo, na kila Jumapili alimpelekea mkate.

"Kaeni, kaeni. Mmepita kwa Rosanda? Miguu yake inaendeleaje?"

"Kanisani anafika," alisema Jagoda. "Mlima wa makaburini haupandi tena."

"Ndiyo. Huko hapandi." Aliweka glasi tatu ndogo mezani, akamimina. "Hii ni ya mwaka juzi. Ya mwaka jana sina."

"Kwa nini huna?"

"Iliungua."

"Afya zetu," alisema Tihomir, ambaye hajawahi kuacha glasi isubiri. Wakagonganisha zote tatu. Vitomir akanywa yote, hakudondosha hata tone. Akamimina tena.

"Siku ile," alisema Jagoda, "ulimsindikiza Obren mpaka wapi?"

"Mpaka barabarani. Kwenye msalaba wa mawe."

"Alibeba nini?"

"Begi."

"La rangi gani?"

"Begi la kawaida, inspekta. Mimi mzee, siangalii mabegi."

"Mama yake anasema begi lake liko chini ya kitanda."

"Basi atakuwa alikuwa na jingine."

"Alimuaga mama yake?"

"Hakutaka. Alisema atalia."

"Yule bibi? Umewahi kumwona analia?"

Vitomir alifikiri. "Hapana," alisema. "Hata mume wake alipokufa, hapana."

"Na simu haijalia toka Oktoba. Unaonaje?"

"Vienna kuna wezi. Watakuwa wamemwibia."

Alijibu kila kitu hivyo, sauti moja tu, kama mtu anayesomewa swali akiwa usingizini. Tihomir alikuwa ameshainua glasi ya pili. Hakuwa na nia yoyote. Alitaka tu sababu ya kunywa.

"Haya, mzee. Kwa Obren, popote alipo."

"Kwa Obren," alisema Vitomir.

Hakuigonganisha glasi yake na yoyote. Aliiinamisha kidogo, matone machache yakaanguka sakafuni kando ya kiatu chake, ndipo akanywa. Akairudisha mezani na kuendelea kutazama dirisha.

Jagoda alitazama yale matone yanavyozama kwenye ubao. Akamalizia yake. Akashukuru. Akaaga.

Walipofika uani hakusimama, alipinda nyuma ya nyumba kwenye njia ya mlimani, ya kwenda makaburini.

"Gari liko huku, afande."

"Umeona alichofanya?"

"Nani? Mzee? Kanywa. Na kitu chenyewe kitamu, sikufichi."

"Amemwaga chini."

Tihomir akaacha kutafuna. Hakuhitaji kuelezwa. Ukimnywea mtu hai, glasi zinagongana. Ukimnywea maiti hugonganishi na mtu, na ardhi inapata yake kwanza. Mtoto wa kijijini anajifunza hilo kabla ya kufunga kamba za viatu, na mkono ukishazoea hauombi ruhusa kichwani.

"Labda mkono ulitetemeka. Umri ule."

"Glasi ya kwanza ilijaa vilevile. Haukutetemeka."

"Mwendesha mashtaka atatucheka mpaka alie. Afande, matone ya gongo?"

"Ndiyo maana nataka mwili."

"Basi tuombe watu tukapekue korongo. Visima pia. Huko juu kuna mbwa mwitu, sidhani kama..."

"Mtu anayemwagia maiti gongo, tena bila kujijua, angeweza kumtupa korongoni?"

Tihomir alipandisha mabega, akamfuata. Plamu zilikuwa zimechanua pande zote mbili za njia, na theluji chafu bado ilikuwa imejificha kivulini mwa ua. Hakuna aliyepita hapo karibuni ila mtu mmoja, mwenye viatu vya mpira, mara nyingi, kwenda na kurudi. Jagoda alipiga picha za nyayo, akaweka kalamu yake pembeni kuonyesha ukubwa.

Makaburini ndiko Suvodren ilikokuwa imejaa. Mawe meusi yanayong'aa yamesimama safu kwa safu, sura zimechongwa: mwanamume na trekta lake, mwanamke na kitambaa kichwani, mmoja na glasi mkononi. Wengi walikuwa hai bado. Waliondoka kwenda nje lakini makaburi wakajijengea mapema, jina, sura, mwaka wa kuzaliwa, kistari, na baada ya kistari nafasi tupu. Vienna unakwenda kuishi. Kulala unarudi huku.

Sreten alikuwepo, amechongwa akitabasamu, na kistari chake. Rosanda alikuwepo kando ya mumewe, na kistari chake. Mwisho wa safu alisimama Vitomir, mwenye kofia, na kistari.

Mbele ya jiwe lake kulikuwa na mfuniko wa zege wa shimo lililojengwa tayari. Jagoda alichuchumaa. Saruji ya kuzunguka mfuniko ilikuwa nyeupe kuliko ya makaburi mengine. Na chini ya jiwe, kwenye kona isiyopigwa na upepo, kulikuwa na nta. Nta ya njano, tabaka juu ya tabaka, imeganda kama maziwa yaliyochemka yakamwagika jikoni.

"Wazazi wake wako wapi?"

"Hawa hapa pembeni," alisema Tihomir. "Nao wana nta kidogo. Ya zamani."

"Hii ni ya majuzi. Na nyingi."

"Labda mzee anajizoesha." Tihomir alicheka, halafu akasikia mwenyewe alichosema.

"Makaburini huwashiwi ukiwa hai," alisema Jagoda. "Sasa nani anamwashia mshumaa mtu tuliyemwacha jikoni anaosha glasi?"

Alipiga picha. Akapiga simu mjini, akaomba timu ya uchunguzi, daktari na kibali cha kufungua kaburi. Alikuwa bado anataja njia ya kufikia pale Tihomir alipomgusa bega.

Vitomir alikuwa anapanda mlima. Alikuwa na mtaimbo begani na viatu vya mpira miguuni. Tihomir akaweka mkono kwenye bastola. Mzee hakuharakisha. Alifika, akaulaza mtaimbo kwenye nyasi, akavua kofia.

"Mfuniko mzito," alisema. "Wawili hamuwezi bila mtaimbo."

"Rudi nyuma, mzee," alisema Tihomir. "Mikono nionyeshe."

Akaonyesha. Jagoda aliwasha kinasa sauti cha simu, akaiweka juu ya jiwe, chini ya uso uliochongwa.

"Nani yuko humu?"

"Obren."

"Nani alimweka?"

"Mimi. Usiku, kwa mkokoteni na mtaimbo huu."

"Ilikuwaje?"

Vitomir alitazama bondeni, kwenye mabomba yale matatu ya moshi.

"Tulikuwa kwenye mtambo. Tulionja ile ya kwanza, kali. Akaniambia masika anaondoka, na mama yake anamchukua. Nikamwambia, na mimi? Akacheka. Akasema, wewe somo utabaki mfalme, utamtawala Sreten. Nikamsukuma. Sikumsukuma kwa nguvu. Akaanguka kwenye mguu wa chuma wa mtambo."

"Alikufa hapo hapo?"

"Hapo hapo. Gongo linatiririka, yeye kalala."

"Kwa nini hukutuita?"

"Nilikuwa nakuja. Nilishavaa koti. Nikakutana na Rosanda njiani, akaniuliza, somo, Obren yuko wapi, chakula kinapoa. Nikasema kaenda Vienna." Alikunja ukingo wa kofia. "Nikishasema, ikawa hivyo. Kila siku ikazidi kuwa hivyo."

"Nta?"

"Jumamosi zote. Theluji, mvua. Na ile siku yenyewe, kabla hajapoa, nilimwekea mshumaa mkononi. Hakwenda gizani. Hilo andika."

"Linajiandika," alisema Jagoda, akaonyesha simu.

Tihomir alimfunga pingu. Mzee alinyoosha mikono kama anayepimwa shati.

Timu ilifika, wakapima, wakapiga picha, wakainua mfuniko watu wanne. Obren alikuwa amefunikwa blanketi la sufu, shati safi, nywele zimechanwa, mikono juu ya kifua. Katikati ya vidole kulikuwa na kipande cha mshumaa kilichoungua mpaka mwisho. Daktari aligusa upande wa kichwa, juu ya sikio, akamwonyesha Jagoda mahali kwa kidole. Jeraha moja. Linafanana na maelezo. Jagoda alisaini alipoambiwa asaini.

Walipoteremka, Rosanda alikuwa amesimama getini kwake. Mtu wa kumpa habari hakuhitaji. Magari mengi namna ile hayakuwahi kupanda Suvodren tangu shule ifungwe.

"Mmekula?" aliuliza.

"Bibi," alisema Jagoda, "tumempata. Amekufa. Amekufa tangu ile Oktoba."

Rosanda alishika mti wa geti. Wanawake wa pale wakipata habari hiyo hutoka uani na kulia kwa sauti, wakitaja majina yote ya marehemu, ili kijiji kisikie. Yeye alitazama nyumba ya kulia, nyumba ya kushoto, simba kwa simba, madirisha yaliyofungwa. Akaufunga mdomo.

"Kwa hiyo nilikuwa nakosea," alisema. "Miezi yote. Nilimwacha gizani."

"Hapana. Alikuwa na mshumaa mkononi siku ile ile. Na kila Jumamosi."

"Nani aliwasha?"

Jagoda aligeuka tu kidogo kuelekea gari la nyuma. Rosanda alifuata macho yake, akaona kofia anayoijua nyuma ya kioo. Akatembea mpaka garini kwa miguu yake mibovu, hakukubali kushikwa, akagonga kioo kwa kidole.

Tihomir alikiteremsha.

"Somo," alisema Rosanda.

"Rosanda."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Yuko kwenye shimo lako?"

"Langu. Nilimpa. Ni zuri, maji hayaingii."

Rosanda alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali kuwa kuta za kaburi kweli zilijengwa vizuri.

"Basi atabaki humo," alisema. "Simhamishi tena. Nitaomba wafute sura yako, waweke yake."

Vitomir alikuwa na uso ule ule tangu mlimani. Hakubadilika kwenye pingu, hakubadilika mfuniko ulipoinuliwa. Sasa aliegemea dirishani na mikono yake miwili iliyofungwa, na sauti ikamtoka nyembamba.

"Na mimi, Rosanda? Mimi nitalala wapi?"

"Sijui, somo," alisema Rosanda. "Waulize hawa."

Akarudi ndani, akafunga mlango. Baadaye kidogo moshi wa bomba lake ukaongezeka. Alikuwa ameanza kuchemsha ngano ya matanga.